SOMO LA WIKI: Mwenye hisa nyingi akiuza, mdogo afanyeje?

Siku ya soko pale Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, tuseme wanunuzi wa maharage wana fedha za magunia 50 tu. Tajiri mmoja akishusha magunia 400 kwa mpigo, bei itaanguka kabla ya adhuhuri, ingawa maharage ni yale yale.

Hisa nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mwekezaji mdogo akisikia kuwa mkubwa anauza, ajiulize mambo mawili kabla ya kumpigia dalali: anauza kwa nini, na anauza kwa njia gani?

Mwaka 2010 East African Breweries ya Kenya ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries. Haikuweza tena kubaki na asilimia 20 ya TBL, mshindani wa Serengeti. Mwishoni mwa 2011 iliziuza hisa hizo, karibu milioni 59, kwa toleo la wazi la bei moja, shilingi 2,060. Wanunuzi walipewa taarifa na muda wa kutafuta fedha. Sababu ya kuuza haikuhusu afya ya TBL hata kidogo, na mwaka 2014 hisa hiyo ilikuwa imepita mara tatu ya bei ile.

Safaricom ya Nairobi ilipita njia nyingine. Katikati ya 2021 hisa yake ilizidi shilingi 40 za Kenya. Riba zilipopanda Marekani mwaka 2022, na dola zikawa adimu Kenya, mifuko ya nje ikaanza kutoka. Iliuza sokoni siku baada ya siku, kwa wanunuzi wachache, na mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa chini ya shilingi 15. Kweli, gharama za kuanza biashara Ethiopia zilipunguza faida, lakini kampuni iliendelea kutoa gawio: shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Machi 2023, na kiasi hicho hicho mwaka uliofuata. Mwaka 2025 bei ilirudi juu ya 25. Aliyeuza kwa hofu chini ya 15 alimwachia mwenzake gawio na faida yote hiyo. (Mkubwa anayeuza kwa sababu ameona kampuni inaoza ni habari nyingine, huyo mfuate mapema.)

Wasomaji wa Kasulu na Kibondo mnaonunua hisa za Dar es Salaam kwa simu, fungueni taarifa ya mwaka ya kampuni, ukurasa wa wanahisa wakubwa. Kisha tazameni hisa ngapi hununuliwa kwa siku. Mkubwa mwenye hisa 600,000, katika soko linalonunua 20,000 kwa siku, anahitaji siku 30 za soko kumaliza, na hapo ni iwapo hakuna muuzaji mwingine.