Somo la Ushirika: Kijana wa Chuo Kikuu na Ufunguo wa Chama

Vyama vingi vya msingi vilizoea kuweka fedha katika kasha lenye funguo mbili, ufunguo mmoja ukikaa kwa mwenyekiti na mwingine kwa mweka hazina. Hakuna aliyesema kwamba viongozi hao hawaaminiani. Ilikuwa kanuni ya kazi, na kila mwanachama aliielewa. Leo sehemu kubwa ya fedha na kumbukumbu za chama hupita katika simu na kompyuta, na anayeombwa kuzishughulikia mara nyingi ni mtoto wa mwanachama aliyerudi nyumbani kwa likizo kutoka chuo kikuu. Kijana huyo hujua mitambo hiyo kuliko katibu. Lakini kujua kukitumia chombo si kujua kukilinda.

Maisha ya bweni ni maisha ya kuazimana. Wanafunzi wanaolala chumba kimoja hutumia kompyuta moja, na hutajiana namba za siri kama watu wanaoombana chumvi. Programu za kununua ni ghali, kwa hiyo hunakiliwa bila leseni, na nakala za namna hiyo huweza kubeba virusi. Wengine husajili laini ya simu kwa alama zao za vidole, kisha wakampa rafiki aitumie. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni la mwanafunzi.

Yafaa utapeli mmoja uelezwe kwa urefu, kwa kuwa huanzia chuoni na kuishia kijijini. Mwanafunzi huandikiwa kwa jina la rafiki yake kwamba namba ya tarakimu sita imetumwa kwake kwa makosa, naye anaombwa airudishe. Kwa kweli namba hiyo imetumwa na WhatsApp, kwa sababu tapeli anajaribu kuifungua akaunti ya mwanafunzi katika simu nyingine. Akiipata, akaunti ni yake. Jioni hiyo mama, mwanachama aliyepokea malipo ya pili ya kahawa, husoma ujumbe wa mwanawe: ada imepungua, atume haraka kwa namba fulani. Picha ni ya mwanawe, akaunti ni ile anayoijua, na fedha za msimu mzima huondoka kwa dakika mbili. Mama huyo si mjinga, ameamini alichokiona.

Neno la siri dhaifu nalo ni mlango wazi. Mnamo Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia katika mtandao programu iliyojisambaza yenyewe, na kompyuta zilizoathirika zilikisiwa kufikia 6,000. Njia yake mojawapo ilikuwa kubahatisha maneno ya siri: ilijaribu jina la mwenye akaunti, kisha orodha ya maneno ya kawaida. Hata leo wapo wanaotumia mwaka wao wa kuzaliwa. Maneno manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni magumu kubahatishwa kuliko jina la timu na tarakimu 123.

Makatibu wanashauriwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano kabla ya likizo. Kijana anayesaidia chama afunguliwe akaunti yake mwenyewe, nayo ifungwe siku aondokapo. Asipewe neno la siri la katibu, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Na hapo ndipo makatibu wengi huona haya. Akaunti za chama ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ambao ndio ule ufunguo wa pili wa kasha. Mzazi aombwaye fedha kwa maandishi apige kwanza simu ya kawaida, azungumze na mwanawe.

Nchini Tanzania namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Kwa kupiga *106#, mtu huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Asiyoitambua aipeleke kwa kampuni ya simu ifutwe.