Sikio na Jicho: Utohozi wa Majina ya Vyeo vya Kijeshi

Majina mengi ya vyeo yaliyotoholewa kutoka Kiingereza yalipokewa kwa sikio. "Sajini" ina /a/ kwa kuwa Waingereza hutamka *sergeant* hivyo, ingawa huandika *e*. "Meja" hufuata matamshi. "Kanali" nayo haina *l* ya kwanza ya *colonel*, ambayo huandikwa bila kutamkwa.

Linalotatiza ni "luteni". Katika jeshi la Uingereza *lieutenant* hutamkwa kwa /f/. Kwa sikio lingetarajiwa umbo kama *lefteni*. Yaelekea neno hili lilipitia maandishi.

Yaweza kudaiwa kuwa katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, Waafrika walikuwa makoplo na masajini, ilhali uafisa ulihodhiwa na Waingereza karibu hadi uhuru. Hivyo vyeo vya juu vilijulikana zaidi kwa maandishi. Hoja hiyo inavutia, lakini haitoshi: meja na kanali walikuwa maafisa vilevile, na majina yao yalipita sikioni. Kamusi inayotaja "Kiingereza" tu kando ya maneno yote haya huificha tofauti hiyo.