Somo la Mwezi: Samaki Akitoroka Bwawani, Ni Mzigo wa Nani?

Vikundi vingi sasa vinafuga samaki, na ni jambo jema. Serikali yenyewe ilihimiza: mwaka 2009 ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Lakini bwawa lina kingo, na kingo hubomoka.

Tuangalie Ziwa Naivasha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifurisha mito yetu. Kufikia mwaka 2001 wavuvi walikuwa wakinasa samaki mgeni aitwaye kapu (si kile cha kwenda nacho sokoni!). Hakuna aliyemtia ziwani kwa kusudi. Inaaminika alitoroka shamba la samaki huko juu, akateremka na mto Malewa. Kufikia 2010 ndiye aliyejaza nyavu. Tuseme ukweli: amelisha familia nyingi. Lakini huchimba tope akitafuta chakula, akachafua maji na kung'oa mimea. Na hakuna awezaye kumrudisha bwawani.

Sheria inasema nini?

1. Sheria ya Mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kuingiza mnyama yeyote, wa kigeni au wa kienyeji, katika mto, ziwa au kinamasi bila kibali cha NEMA.

2. Ufugaji wa samaki uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016. Kabla ya kushika jembe, muulizeni afisa wa uvuvi wa kaunti mnahitaji kibali gani, na samaki gani anaruhusiwa kwenu.

3. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi ikivunjwa. Basi msitegemee kusema, "Ni mafuriko tu."

Kikundi kifanye nini?

- Msichimbe bwawa mahali mto hufurika.
- Fungeni wavu wa matundu madogo kwenye paipu ya kutolea maji, na mkague kila wiki.
- Inueni kingo kabla ya mvua ndefu.
- Mkikausha bwawa, msimwage samaki mtoni, hata vifaranga.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji ya bwawa letu yakifurika, yataelekea wapi?
2. Ni nani kati yetu anakagua wavu?
3. Jirani wa chini akipata hasara, tutamjibu nini?