Nyumba Ina Mpangaji, Nami Nataka Kuhamia

Swali: Nanunua nyumba Nairobi kwa mkopo wa benki ili niishi humo, lakini ina mpangaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi 7. Je, nitapoteza unafuu wa ushuru?

Jibu: La, ila utachelewa kuupata. Unafuu wa riba ya mkopo wa nyumba, ambao kikomo chake ni shilingi 360,000 kwa mwaka, hupewa anayeishi katika nyumba hiyo. Riba ya miezi ya mpangaji haimo. Kodi utakayopokea nayo ni mapato: ikiwa kwa mwaka inazidi shilingi 288,000 lakini haipiti milioni 15, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) hutoza asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kuondoa gharama.

Kuna pia ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15. Ukiuza siku za usoni utasamehewa iwapo umeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza. Hesabu huanza siku unapohamia, si siku ya kununua.

Usimfukuze mpangaji, mkataba wake unakufunga wewe pia. Mwombe wakili aandike katika mkataba wa mauzo kwamba nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu. Muuzaji akikataa, zungumza na mpangaji kuhusu kuondoka mapema kwa fidia, na uhakikishe amana yake inahamishiwa kwako. Ukishahamia, hifadhi bili za maji na umeme kama ushahidi.