Dondoo muhimu: Ruaha hadi Katavi kwa gari na hema

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Udongo mweusi wa Katavi ukishanyeshewa hunata na kuteleza, na gari hukwama hata likivuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye mchanga wa mito mikavu ya Ruaha, punguzeni upepo wa tairi, piteni kwa mwendo mmoja bila breki, kisha jazeni tena barabara ikiwa ngumu. Pampu ndogo ya upepo ina maana zaidi kuliko friji.

Dizeli: Iringa, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda. Jazeni kila mji, hata tangi likiwa nusu. Tairi za spea ziwe mbili.

Mbung'o hufuata nguo za buluu na nyeusi, vaeni kaki.

Chakula kisilale hemani, hasa matunda, maana tembo huyanusa kwa mbali, na hema kwake si kizuizi. Zipu ifungwe hata mchana. Anayetoka gizani amulike kwanza pande zote: viboko huja nchi kavu usiku kula majani, na mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Watoto wasitoke peke yao, hata hatua chache.