Dondoo muhimu: Taa za dagaa juu ya bodaboda

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo taa, betri na paneli za sola husafiri sana kwa bodaboda kati ya Murangi na Musoma mjini.

Mpira wa tyubu ni wa kubana, si wa kubeba. Betri nzito ya maji ukiifunga kwa mpira mtupu, kila tuta litairusha. Anza na kamba ya manila, mpira uje juu yake. Betri isimame wima, na vichwa vyake vifunikwe kwa kipande cha tyubu visije vikagusa chuma cha keria.

Paneli: kioo kielekee kwenye godoro kuukuu, mpira upite juu ya fremu, kamwe usikatize katikati. Taa zizungushie khanga, uziweke ndooni.

Mpira wa kulabu ndio wa kuogopa, maana ukichomoka hutafuta jicho. Simama pembeni unapoufunga, na usiuachie ghafla unapoufungua. Ncha zinazoning'inia zichomeke, zisifike kwenye mnyororo.

Kabla ya safari, uvute mpira juani. Ukiona nyufa, ukafungie kuku.