Riba ya Mkopo wa Nyumba Ikipanda, Nani Anabeba Mzigo?

Unataka kukopa ujenge Garissa, na benki imekutajia asilimia 12. Kabla hujatia sahihi, uliza: hiyo 12 ni ya leo tu, ama ni ya miaka yote 20?

Hebu tuanzie soko la mifugo la Modogashe. Mfanyabiashara ameahidi kupelekea hoteli mbuzi 20 kila mwezi kwa bei moja, mwaka mzima. Lakini yeye mwenyewe ananunua kwa bei ya siku. Mvua ikinyesha, wafugaji wanashika mifugo yao, bei inapanda, faida inaisha. Benki inayokopesha kwa riba isiyobadilika iko pale pale: mapato yamefungwa, lakini wenye akiba wanadai riba ya leo.

Ndipo inatafuta mwenzake wa kubadilishana naye riba. Mkataba huo huitwa swopu, mojawapo ya derivativi. Tuseme wewe unalipa benki 12. Benki inampa mwenzake 10 kila mwaka, naye anairudishia riba ya soko, iwe ngapi iwe. Soko likifika 13, wenye akiba wanalipwa 13, na hiyo 13 imetoka kwa mwenzake. Benki inabaki na 2. Likishuka hadi 7, bado ni 2. Deni lako halijaenda popote.

Tatizo la Kenya ni kumpata huyo mwenzake wa miaka 20. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko la derivativi Julai 2019, lakini lilianza na mikataba ya hisa, si ya riba. Kwa hivyo mikopo mingi ya nyumba huwa ya riba inayobadilika. Kwa maneno mengine, kinga ya benki ni wewe.

Waliokuwa na mikopo mwaka 2011 wanajua. Septemba, riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Desemba ilikuwa 18. Mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 20 unalipwa karibu 44,000 kwa mwezi ukiwa wa asilimia 12. Ukifika 18, ni karibu 61,700. Mshahara ni ule ule.

Kuna njia nyingine. Kampuni ya KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, huzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa riba isiyobadilika, ili nazo zikukopeshe hivyo. Uliza kama yako ni mwanachama. Kama hutaki riba kabisa, murabaha hufunga bei ya kuuziwa tangu mwanzo; linganisha jumla yote utakayolipa, si jina tu.

Na ukiweka malipo yajitume yenyewe kwa simu kila mwezi, soma ujumbe wa benki. Simu itaendelea kutuma 44,000 hata kama sasa unadaiwa 61,700, na pengo hilo linahesabiwa kuwa deni lililochelewa.